Marekani ya 1787: je, Locke na Montesquieu wamepewa sifa isiyo yao?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Sisi tuliosoma historia sekondari tulikaririshwa hivi: Ulaya ilifikiri, Marekani ikatekeleza. John Locke alileta haki za asili, Montesquieu akaleta mihimili mitatu, Rousseau akaleta mkataba wa kijamii. Tia vyote chunguni, funika, baada ya muda pakua serikali ya Marekani. Tuliandika hivyo kwenye mtihani na maksi tukapata.

Mimi naona mapishi hayakwenda hivyo. Sisemi wanafalsafa wa Zama za Mwangaza, yaani wale wa Ulaya waliotaka akili iongoze mambo badala ya mazoea, hawakuwa na mchango. Nasema wamevishwa kanzu ya watu wengine: wajumbe wa mabunge ya makoloni ambao majina yao hayajulikani, wanasheria waliolelewa na sheria za Kiingereza, wafanyabiashara walioogopa wadeni wao, na wenye mashamba walioogopa kunyang'anywa watumwa.

Kwanza tutenganishe karatasi mbili. Kuna Tamko la Uhuru la 1776 na kuna Katiba ya 1787. Watu huzitaja kama pacha, kumbe zimeachana miaka kumi na moja na kila moja ina roho yake.

Kwenye Tamko, Locke yumo, wala hajajificha. Kitabu chake kuhusu serikali, kilichotoka 1689, kinasema watu hawaiondoi serikali kwa kosa dogo. Huamka pale wanapoona "msururu mrefu wa dhuluma" unaoelekea upande mmoja. Thomas Jefferson, kijana wa miaka 33, ameyaweka maneno hayohayo, msururu mrefu wa dhuluma, kisha akaanza kumhesabia Mfalme George III makosa yake moja baada ya jingine. Locke alisema uhai, uhuru na mali. Jefferson akaandika uhai, uhuru na kutafuta furaha. Hata hiyo furaha hakuiokota njiani peke yake: George Mason alikwisha iweka kwenye Tamko la Haki la Virginia, Juni mwaka huohuo. Na uzeeni, 1825, Jefferson mwenyewe alieleza katika barua kwamba kazi yake haikuwa kuvumbua jambo jipya, ilikuwa kueleza fikra za Wamarekani zilivyokuwa, akawataja Aristotle, Cicero, Locke na Sidney kwa mpigo.

Haya, twende 1787. Wanaume 55 wamekutana Philadelphia, Mei hadi Septemba, joto la kiangazi, na madirisha yamefungwa ili wa nje wasisikie. Kilichowakutanisha si kitabu. Kuanzia mwaka uliotangulia, wakulima wa Massachusetts waliobanwa na madeni na kodi walikuwa wameshika silaha na kuzuia mahakama zisikae, maana mahakama zikikaa shamba linakwenda. Mmoja wa viongozi wao, Daniel Shays, alikuwa askari wa vita vya uhuru. Serikali kuu ya wakati ule haikuwa hata na mamlaka ya kutoza kodi. Matajiri wakashikwa na homa, na wengine waliokuja Philadelphia walikuja nayo.

Humo ndani, tarehe 13 Agosti, John Dickinson wa Delaware akawaambia wenzake: uzoefu ndio uwe kiongozi wetu pekee, akili yaweza kutupotosha. Hebu rudia kuisoma hiyo sentensi. Karne yenyewe inaitwa Karne ya Akili, na mtu anasimama katika kikao kikuu kuliko vyote anasema akili si ya kutegemea.

Halafu angalia Seneti. Kwa nini kila jimbo, liwe na watu wengi au wachache, lina maseneta wawili? Hakuna mwanafalsafa aliyeandika hivyo. Majimbo madogo kama Delaware na New Jersey yaliogopa kumezwa na Virginia, yakakaza shingo, na tarehe 16 Julai hoja ikapita kwa kura tano za majimbo dhidi ya nne, Massachusetts wakiwa wamegawanyika katikati. Hiyo naiita soko.

La mwisho kabla sijawachosha. Mwaka 1689 Bunge la Uingereza liliandika kwamba dhamana ya kupita kiasi haipaswi kudaiwa, wala faini za kupita kiasi kutozwa, wala adhabu za kikatili na zisizo za kawaida kutolewa. Fungua Marekebisho ya Nane ya Katiba ya Marekani, ya 1791. Ni sentensi ileile, ila pale palipokuwa na "haipaswi" wao wameweka "haitadaiwa". Basi. Mtu akinakili hati ya babu yake hivyo, hiyo ni mirathi.

Kwa hiyo swali naliweka mezani: tuseme serikali ya Marekani ilizaliwa na fikra za Mwangaza, au ilizaliwa na mazoea na maslahi, fikra zikaja kuitwa kwenye ubatizo?

Mwanasheria wa Kijiweni

Mkuu, umeanza vizuri, ila umemruka Montesquieu kama mtu anayeruka dimbwi. Rudi.

Wakati Katiba inapigiwa debe, wanasiasa watatu, Alexander Hamilton, James Madison na John Jay, waliandika makala 85 magazetini kuitetea. Katika ile ya 47, Madison anajibu wapinzani waliosema Katiba mpya imechanganya mihimili. Anafanyaje? Anasema kwenye jambo hili mtabiri anayeulizwa na kunukuliwa siku zote ni Montesquieu, kisha anamsoma mstari kwa mstari kuonyesha alimaanisha nini. Pande zote mbili za ugomvi zilimtumia mtu mmoja kama ushahidi. Kama angekuwa wa ubatizo tu, wasingegombania maneno yake.

Pia Madison hakwenda Philadelphia mikono mitupu. Jefferson akiwa balozi Paris alimtumia vitabu kwa makasha, naye akajifungia kusoma habari za mashirikisho ya kale, ya Wagiriki hadi ya Waholanzi, akaandika daftari zima la kwa nini yalivunjika. Huo ndio uzoefu aliousema Dickinson, ndugu yangu. Si uzoefu wa bibi yake tu, ni pamoja na historia iliyosomwa kama maabara. Kuitumia historia hivyo ndiyo tabia yenyewe ya Mwangaza. David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, angekuambia vilevile.

Na Hume yumo! Montesquieu alifundisha kwamba jamhuri hukaa salama ikiwa ndogo. Wapinga Katiba wakaishikilia hoja hiyo: nchi kubwa hivi itaishia kwenye udikteta. Madison katika makala ya 10 akaigeuza: nchi ikiwa kubwa makundi yanakuwa mengi, hakuna kundi moja litakalowakanyaga wengine kirahisi. Wazo hilo Hume alikwisha lidokeza. Anayembishia mwalimu wake kwa kutumia mwalimu mwingine hajatoka darasani.

Mleta mada

Mwanasheria, nakupa alama kwa Madison. Ila umenifungulia mlango mwenyewe, acha nipite.

Montesquieu aliitoa wapi mihimili mitatu? Aliishi Uingereza kati ya 1729 na 1731, akarudi Ufaransa, na 1748 akaandika sura maarufu juu ya katiba ya Waingereza: watunga sheria kivyao, watekelezaji kivyao, mahakimu kivyao. Sasa Uingereza yenyewe haikuwa hivyo. Mawaziri wa mfalme walikuwa wamekaa ndani ya Bunge, wanapiga kura humo humo. Yaani Wamarekani walijenga nyumba kwa ramani ya nyumba ambayo mchoraji aliiona vibaya! Wakakataza kabisa mtu kuwa ofisini serikalini na papo hapo kuwa mbunge.

Na sisi huku? Uingereza ilituachia ile halisi. Tanzania waziri ni mbunge mpaka leo. Kenya walikuwa hivyo hivyo hadi Katiba ya 2010 ilipowatoa mawaziri bungeni. Kwa hiyo kosa la Mfaransa mmoja lilichukua zaidi ya miaka 260 kufika Nairobi.

Bintimvita

Nyote wawili mwazungumza kama watu waliokaa barazani kwa kina Jefferson wakinywa kahawa. Mie nauliza ni nani aliyeichemsha hiyo kahawa.

Locke huyo wa haki za asili alikuwa katibu wa mabwana waliomiliki koloni la Carolina, na alishiriki kuiandika katiba yao ya 1669. Ndani yake imeandikwa kwamba kila mwanamume huru atakuwa na mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi. Mamlaka kamili. Tena aliweka fedha zake katika kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikifanya biashara ya watumwa kutoka Afrika. Jefferson maishani mwake aliwamiliki watu zaidi ya 600. Kwenye rasimu ya Tamko aliandika kifungu kumlaumu mfalme kwa biashara hiyo, na Kongresi, baraza la wajumbe wa makoloni, ikakifuta, maana South Carolina na Georgia hawakutaka kukisikia, na wa kaskazini wenye merikebu nao hawakulia sana.

Kisha 1787 wakapiga hesabu: watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, ili kusini wapate viti vingi zaidi Bungeni. Biashara ya kuwaleta watu isiguswe hadi 1808. Mtumwa akitorokea jimbo jingine arudishwe. Na neno "mtumwa" lenyewe halimo! Wameandika "watu wengine wote". Mtu haoni haya kwa jambo analoliona jema. Waliona haya, ndiyo maana wakalifunika shuka.

Sasa mwaniambia mwangaza. Taa ikiwashwa chumba kimoja na mlango ukafungwa, aliye ukumbini ataiitaje?

Mchungaji Mstaafu

Wanangu, mnawataja wanafalsafa tu. Mwaka 1984 msomi mmoja Mmarekani, Donald Lutz, alitoa hesabu ya maandishi ya kisiasa ya huko kuanzia 1760 hadi 1805, akaangalia waandishi walimnukuu nani. Biblia iliongoza kwa asilimia 34, na kitabu kilichonukuliwa kuliko vyote ni Kumbukumbu la Torati. Montesquieu alipata kama asilimia 8, Locke hata 3 hakufika. Wale watu walikuwa wanakwenda ibadani. Maneno "Muumba" na "haki" hawakuyajifunza Paris.

Mwanasheria wa Kijiweni

Shikamoo Mchungaji. Hesabu hiyo naijua na ni ya kweli, ila isomwe mpaka mwisho. Sehemu kubwa ya manukuu ya Biblia ilitoka kwenye mahubiri yaliyochapishwa kama vijitabu. Huyohuyo Lutz aliona kwamba mjadala ulipofika kwenye Katiba yenyewe, 1787 na 1788, Biblia ikapungua sana na Montesquieu akapanda. Benjamin Franklin, mjumbe mzee wa miaka 81, aliomba tarehe 28 Juni kikao kiwe kinaanza kwa sala. Hoja haikupigiwa hata kura. Na Kifungu cha Sita cha Katiba kinakataza kumpima mtu dini yake ili apewe cheo cha umma. Hapo nadhani Mwangaza umeingia kwa mguu wa kulia.

Mchungaji Mstaafu

Marahaba mwanangu. Tuseme basi Biblia iliwapeleka vitani, halafu wakaiacha getini walipokwenda kugawana vyeo. Si mara ya kwanza duniani.

Mpita Njia

Mmewasahau wenyeji wa Amerika, waliokuwapo kabla ya Wazungu. Mwaka 1744, katika mji wa Lancaster, Pennsylvania, Canassatego, kiongozi kutoka shirikisho la mataifa sita ya Haudenosaunee, aliwaambia makoloni waungane kama wao walivyoungana. Franklin ndiye aliyechapisha mkataba wa kikao kile, na 1754 akapendekeza muungano wa makoloni. Bunge la Marekani lilipitisha azimio 1988 kukiri mchango huo.

Mleta mada

Mpita Njia, hoja ya Franklin naikubali kwa tahadhari. Azimio la wabunge ni heshima, lakini si ushahidi wa kilichotokea miaka mia mbili kabla. Baraza la Haudenosaunee lilikwenda kwa maafikiano, na akina mama wa koo ndio waliowateua machifu. Philadelphia hakuna aliyependekeza hayo. Walichokiona kwa wenyeji ni kwamba muungano unawezekana. Jinsi unavyofanya kazi hawakukiiga.

Bintimvita, yako ndiyo imenikosesha usingizi. Nilikuwa na kawaida ya kusema Jefferson alikuwa mnafiki na kuendelea mbele. Unafiki ni jibu jepesi.

Msafiri wa Massachusetts

Naishi huku mwaka wa kumi na tatu, na nina jambo la kumwongezea dada Bintimvita.

Magharibi ya jimbo hili, katika mji mdogo wa Sheffield, kuna nyumba ya mbao ya kanali mmoja, John Ashley. Bado imesimama, watu huitembelea. Januari 1773 kamati ya wanaume kumi na mmoja ilikaa humo kuandika malalamiko dhidi ya Uingereza, na azimio lao la kwanza lilisema kwamba binadamu katika hali ya asili ni sawa, wako huru, na hawategemeani. Locke mtupu. Mmoja wao alikuwa mwanasheria kijana aitwaye Theodore Sedgwick.

Katika nyumba hiyohiyo kulikuwa na mwanamke mtumwa aliyeitwa Bett. Hakujua kusoma. Siku moja mke wa Ashley alichukua koleo la jikoni lililotoka motoni amchape nalo msichana mwingine, Bett akakinga mkono. Alibaki na kovu, na inasimuliwa kwamba hakulifunika. Mtu akimuuliza imekuwaje, humwambia kamuulize bibi.

Mwaka 1780 Massachusetts ikapata katiba yake, iliyoandikwa kwa sehemu kubwa na John Adams. Kifungu cha kwanza: watu wote huzaliwa huru na sawa. Bett akasikia maneno ya namna hiyo yakizungumzwa. Alikwenda kwa Sedgwick, yuleyule, akamtaka amtetee. Agosti 1781 yeye na mtumwa mwenzake aitwaye Brom walimshinda Ashley mahakamani Great Barrington, wakalipwa fidia ya shilingi thelathini. Miaka miwili baadaye, kwenye kesi za mtumwa mwingine, Quock Walker, mahakama kuu ya jimbo ikasema utumwa hauendani na katiba hiyo. Sensa ya 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja Massachusetts.

Kwa hiyo Mleta mada, kwenye swali lako la falsafa au maslahi, nani kati ya watu wa nyumba ile aliyemwelewa Locke?

Bintimvita

Umenikamata. Lakini Katiba ya Marekani ya 1787 haina sentensi hiyo ya "watu wote huzaliwa huru na sawa". Iko kwenye ya jimbo. Wale wa Philadelphia walijua vizuri wasiiandike; kesi ya Bett ilikuwa ya juzi tu.

Mwanasheria wa Kijiweni

Hapo dada umepiga msumari, na sijui kama Mleta mada ameona kwamba hoja hiyo inamsaidia yeye.

Nikichomeka moja tu la kwetu: Januari 1960 wajumbe Waafrika wa Kenya walipokwenda London, kwenye mkutano wa Lancaster House, mshauri wao alikuwa Thurgood Marshall, wakili Mmarekani mweusi aliyeshinda kesi ya ubaguzi wa shule 1954. Aliwaandikia rasimu ya Hati ya Haki. Mwafrika wa Marekani, ambaye babu zake walihesabiwa tatu kwa tano, akaweka ndani ya rasimu ulinzi wa mali za walio wachache, yaani Wazungu na Wahindi wa Kenya. Na hakunakili ya kwao: aliingiza haki ya elimu na afya, ambazo Katiba ya Marekani haizitaji hadi leo. (Lancaster nyingine hiyo, Mpita Njia, usije ukazichanganya.)

Mleta mada

Nimeiona, Mwanasheria. Inanisaidia nusu, nusu inaniumiza.

Niliingia nikisema fikra zilikuja kwenye ubatizo tu. Kwa Katiba ya 1787 bado nasimama hapo kwa sehemu kubwa, nikimwondoa Madison na mihimili yake: Seneti, tatu kwa tano, 1808, hayo ni soko, na hakuna atakayenionyesha ukurasa wa mwanafalsafa yalikotoka. Lakini nilidhani maneno ya 1776 ni ya waandishi wake, hivyo nikiwapima waandishi nimeyapima maneno. Sedgwick aliyaandika kwa ajili ya kodi na bandari. Bett akamrudishia kwa kazi nyingine, naye Sedgwick hakuweza kusema hayakuwa na maana hiyo. Hilo sikuwa nimelifikiria na sina jibu lake leo.

Bintimvita

Ndugu Msafiri, na huyo mama baada ya kesi alikwenda wapi?

Msafiri wa Massachusetts

Ashley alikata rufaa kisha akaiondoa. Akamwomba Bett arudi afanye kazi nyumbani kwake kwa mshahara. Alikataa. Akachukua jina la Elizabeth Freeman, yaani mtu huru, akaenda kufanya kazi ya kulipwa nyumbani kwa Sedgwick, na baadaye akanunua nyumba yake mwenyewe.